Tang Xianzu Si Shakespeare wa Mtu

Zipo sifa ambazo kwa hakika ni kilemba cha ukoka. Mojawapo niliisikia nikiwa njiani kuelekea Suichang, wilaya ya milima katika mkoa wa Zhejiang, mashariki ya China, ambako ipo nyumba ya kumbukumbu ya mtunzi wa tamthilia aitwaye Tang Xianzu. Mwenzangu wa safari, mtu muungwana ambaye hakukusudia ubaya wowote, aliniuliza kama namfahamu mtunzi huyo. Nilisita. Naye kwa kunihurumia akanipa jibu la mkato: "Huyu, ndugu yangu, ndiye Shakespeare wa Mashariki." Nikatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuelewa kila kitu.

Sikuwa nimeelewa chochote. Nilikuwa nimekabidhiwa jina la Mwingereza ili nifungulie mlango wa Mchina, na kwa muda wa saa nzima nilizunguka katika nyumba ile nikimtafuta Shakespeare. Nikitazama sanamu ya mzee mwenye ndevu na kofia ya ukulima wa wasomi, nilijiuliza anafanana vipi na yule wa Stratford. Nikitazama nakala za vitabu vyake, nilijiuliza ipi ni Hamlet na ipi ni Romeo. Hiyo ndiyo kazi ya kasumba: humfanya mtu apite mbele ya kitu chenyewe macho yakiwa wazi, asikione, kwa sababu ameambiwa atazame kivuli cha kitu kingine.

Basi na tumtazame mwenyewe.

Tang Xianzu alizaliwa mwaka 1550 huko Linchuan, katika mkoa wa Jiangxi, mahali ambapo leo ni sehemu ya mji wa Fuzhou. (Pana Fuzhou nyingine, kubwa na mashuhuri zaidi, katika mkoa wa Fujian, wageni wengi huzichanganya.) Ulikuwa wakati wa nasaba ya Ming, na kijana wa ukoo wa wasomi alikuwa na njia moja tu ya kuinuka, nayo ni mitihani ya dola. Inasimuliwa kuwa waziri mkuu wa siku zile, Zhang Juzheng, alitaka vijana hodari wawe marafiki wa wanawe, ili sifa za vijana hao zifunike upungufu wa watoto wa mkubwa. Tang alikataa. Akaanguka mtihani wa mwaka 1577, akaanguka tena mwaka 1580. Zhang alifariki mwaka 1582, na mwaka uliofuata Tang akafaulu. Msomaji atajifanyia hesabu mwenyewe.

Akapewa cheo cha kadiri huko Nanjing, mji mkuu wa pili, ambako watu wenye vyeo visivyo na kazi walikaa wakiandika mashairi na kungojea malipo ya uzeeni. Mwaka 1591 ilionekana nyota yenye mkia, na kwa desturi ya dola ile dalili kama hiyo ilikuwa onyo la mbingu. Mfalme Wanli akawakaripia maofisa. Tang akatwaa kalamu, akaandika waraka kwa mfalme akiwataja wakubwa kwa majina yao. Alisema kuwa wasaidizi wa juu wa mfalme wamegeuza vyeo kuwa bidhaa ya kugawiana, na kwamba ofisa aliyetumwa kusimamia misaada ya njaa mashariki ya nchi alikula rushwa ilhali watu wanakufa. Hakuandika kwa mafumbo, na wala hakuusingizia wakati uliopita.

Malipo yake yalikuwa kufukuzwa hadi Xuwen, ncha ya kusini kabisa ya bara la China, panapotazamana na kisiwa cha Hainan, akiwa karani mdogo wa wilaya. Kwa wakubwa wa Peking huko kulikuwa ndiko mwisho wa dunia. Yeye akaanzisha huko mahali pa kusomea, akakaita kwa jina lenye maana ya kuthamini uhai.

Mwaka 1593 aliletwa Suichang kuwa mkuu wa wilaya, na hapo ndipo ilipo nyumba niliyoizuru. Wilaya ilikuwa maskini, imejaa misitu, na chui milia walikuwa wakila watu. Alijenga mahali pa kusomea na pa kuhifadhia vitabu. Aliongoza msako wa wanyama wale. Kila mwanzo wa kilimo alitoka mwenyewe kuwahimiza wakulima kushika jembe, na desturi hiyo ingali ikiadhimishwa Suichang hata leo. Mwaka 2016 iliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO pamoja na elimu ya Kichina ya kugawa mwaka katika majira 24. Na inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia mwaka mpya aliwaachia wafungwa waende kukaa na jamaa zao, na kwamba sikukuu ya taa aliwaruhusu watoke wakatazame taa darajani, nao wakarudi wenyewe gerezani.

Kisha ikaja dhahabu. Kuanzia mwaka 1596 Mfalme Wanli, hazina yake ikiwa imekauka kwa vita na majumba, alituma matowashi wa ikulu kote nchini kufungua migodi na kukusanya kodi ya migodi, hata mahali ambapo mgodi wenyewe haukuwa na kitu. Suichang ilikuwa na mgodi wa kale wa dhahabu. Mkuu wa wilaya alikuwa na hiari mbili: kuwasaidia wajumbe wa mfalme kuwakamua wakulima aliokuwa akiwahimiza kulima, au kuondoka. Mwaka 1598 Tang Xianzu alikwenda Peking kutoa taarifa ya kazi, akajiuzulu, akarudi kwao Linchuan, na hakushika cheo tena mpaka kifo chake mwaka 1616. Mwaka ule ule wa 1598 aliikamilisha tamthilia yake kubwa, *Kibanda cha Peoni*.

Sasa nauliza: katika habari hizi zote, yuko wapi Shakespeare?

Shakespeare alikuwa mtu wa jukwaa la mjini. Alikuwa mwenye hisa katika kundi la waigizaji, alitunga ili milango ifunguliwe na watu walipe, na kazi hiyo ilimtajirisha kiasi kwamba mwaka 1597 alinunua nyumba kubwa ya New Place katika mji wa kwao. Simlaumu; mtu hula kwa jasho lake. Lakini mwaka mmoja tu baadaye, upande wa pili wa dunia, huyu mwingine alikuwa akitupa cheo chake na kurudi nyumbani mikono mitupu. Hawa ni watu wawili wenye njia mbili. Kumwita mmoja kwa jina la mwenzake ni kufuta waraka wa mwaka 1591, ni kufuta Xuwen, ni kufuta wafungwa wa darajani na dhahabu ya Suichang, kwa sababu hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoingia ndani ya jina "Shakespeare". Linaloingia ni moja tu: kwamba aliandika michezo ya kuigiza, na kwamba alifariki mwaka 1616.

Naam, mwaka 1616. Hiyo ndiyo hoja kuu ya wapenda ulinganisho. Shakespeare alifariki mwezi Aprili na Tang mwezi Julai mwaka huo huo, na Cervantes wa Hispania naye Aprili hiyo hiyo. Ni bahati ya kalenda, tena kalenda zenyewe hazikuwa moja, kwani Uingereza na Hispania zilihesabu siku kwa namna mbili tofauti. Watu kufa mwaka mmoja hakuwafanyi ndugu.

Wapo watakaonijibu kwamba natafuta ubeberu mahali usipokuwapo. Watasema si Mwingereza aliyebuni ulinganisho huu. Ni kweli, na nakubali. Aliyeutia katika kitabu alikuwa mtaalamu wa Kijapani, Aoki Masaru, mwaka 1930, na alifanya hivyo kwa heshima. Baada yake wasomi wa China wenyewe waliuchukua. Mwezi Oktoba 2015 Rais Xi Jinping, akiwa ziarani Uingereza, alipendekeza nchi hizo mbili ziadhimishe pamoja miaka 400 ya watunzi hao, na mwaka 2016 maadhimisho yakafanyika. Mwaka 2017 sanamu ya watunzi hao wawili wakiwa pamoja ilisimamishwa Stratford, zawadi kutoka Fuzhou.

Lakini jambo hilo halinitulizi. Linanitia wasiwasi zaidi. Mtu akivishwa vazi la mwingine kwa nguvu, siku moja atalivua. Akilivaa kwa hiari na kulipigia pasi, ndipo pana shida. Tazameni kilichofuata. Mwaka 2018 ulitangazwa mpango wa kujenga huko Fuzhou mfano wa nyumba aliyozaliwa Shakespeare, pamoja na ile New Place. Wasomaji wengi huenda hawajui kwamba New Place haipo hata Uingereza kwenyewe: mwenye nyumba, kasisi mmoja, aliibomoa mwaka 1759 kwa kuchoshwa na watazamaji na kugombana na wenye mji. Yaani Waingereza waibomoe, Wachina waijenge, tena katika mji wa Tang Xianzu! Katika Linchuan, mahali ambapo ukumbi wake mwenyewe, aliouita kwa jina la ua jeupe la kamelia na humo akafundisha waigizaji na kutunga ndoto zake, uliteketea karne nyingi zilizopita. Kama yapo matofali ya ziada, mbona yasianzie hapo?

Wala sisemi haya kwa kuwa zamani mambo yalikuwa mema. Kaburi la Tang Xianzu lilivunjwa mwaka 1966, mwanzoni mwa Mapinduzi ya Utamaduni, na vijana walioambiwa kwamba kila cha kale ni cha kabaila. Laiti wangeusoma waraka wake kwanza! Walivunja kaburi la mtu aliyewapinga makabaila kwa jina na kwa maandishi, ilhali wao wenyewe walikuwa wakipiga makelele juu ya jambo hilo hilo. Baadaye kaburi la kumbukumbu lilijengwa katika bustani ya umma. Na mwaka 2017 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba makaburi ya ukoo wake yamegunduliwa huko Fuzhou, 42 kwa idadi, la kwake likiwa miongoni mwao, pamoja na mawe yenye maandishi ya marehemu. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko sanamu zote za Stratford. Mawe hayo hayasemi habari ya Shakespeare hata neno moja.

Niirudie tamthilia yenyewe, maana ndiko ulinganisho unakoharibu zaidi. Wageni huambiwa kwamba *Kibanda cha Peoni* ni Romeo na Juliet ya Kichina. Sivyo kabisa. Ni kazi ya maonyesho 55, na ikiigizwa yote huchukua karibu saa ishirini. Kundi lililoicheza nzima mjini New York mwaka 1999 liligawa kazi hiyo katika siku kadhaa. Binti Du Liniang, mtoto wa pekee wa ofisa mkubwa, amefungiwa ndani akifundishwa vitabu vya kale na mwalimu mzee. Nyuma ya nyumba yao ipo bustani kubwa, naye hajui kuwa ipo, mpaka mtumishi wake wa kike anapotoroka darasani na kurudi na habari. Anakwenda bustanini, analala usingizi, anaota kijana ambaye hajapata kumwona. Akiamka, dunia ya baba yake haimtoshi tena. Anachora sura yake mwenyewe, anadhoofika, anakufa. Miaka mitatu baadaye yule kijana wa ndoto, aliye mtu wa kweli, anaiokota picha ile, mzuka wa binti unamjia, naye anafukua kaburi. Binti anafufuka.

Angalieni tofauti. Watoto wa Verona wanauawa na barua iliyochelewa. Du Liniang hauawi na bahati mbaya. Anauawa na utaratibu mzuri, nyumba safi, baba mwadilifu, mwalimu asiye na kosa. Na akifufuka, baba yake ofisa anakataa kuamini, anaagiza mkwewe apigwe kama mwizi wa makaburi. Kwake ni heri binti afe kwa adabu kuliko aishi kwa kujichagulia.

Wanawake wa China waliielewa kazi hii bila kuhitaji Mwingereza. Palikuwa na msichana wa Loujiang, Yu Erniang, aliyeisoma na kuiandikia maelezo pembezoni, akafariki akiwa na umri wa miaka 17. Tang alipopata habari alimwombolezea kwa mashairi. Mwaka 1694 kilichapwa kitabu cha maelezo ya wanawake watatu, Chen Tong, Tan Ze na Qian Yi. Wa kwanza alikuwa mchumba wa mtu mmoja, akafariki kabla ya harusi. Wa pili aliolewa na mtu huyo, akaendeleza maelezo ya marehemu, naye akafariki. Wa tatu aliyakuta maandishi ya wenzake, akayakamilisha, na akatoa mapambo yake ili mbao za kuchapia zichongwe. Mke wa tatu anauza dhahabu yake ili sauti ya mke wa kwanza isikike! Ningekuwa na mamlaka juu ya makumbusho yoyote ya mtunzi huyu, ukuta mkubwa kuliko wote ningewapa wanawake hawa watatu, na mwaka 1616 ningeuacha kwenye kadi ndogo karibu na mlango wa kutokea.

Kuna jambo la mwisho la haki. Tang mwenyewe alipata kuonja machungu ya kupimwa kwa kipimo cha watu wengine. Mabingwa wa muziki wa kunqu, wa upande wa Suzhou, waliona maneno yake hayaingii vizuri katika taratibu zao, wakayakata na kuyabadili. Akakasirika, akawaagiza waigizaji wa Yihuang, jirani na kwao, wafuate maandishi yake na si masahihisho ya wale. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Leo, nusu ya dunia inamjua kwa njia ya kunqu, sanaa ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2001, na hakuna ubaya, kunqu imemhifadhi. Lakini mtu aliyekataa kubadilishiwa beti ili zifuate ala za Suzhou, angesemaje akibadilishiwa jina lenyewe?

Nasi Waswahili tuna sehemu yetu katika suala hili, kwa hiyo si haki kuwacheka Wachina peke yao. Shakespeare tunaye katika Kiswahili tangu mwaka 1963, Mwalimu Nyerere alipomfasiri Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa *Juliasi Kaizari* iliyosahihishwa pamoja na *Mabepari wa Venisi*. Na Mwalimu hakupiga magoti. Mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza aligeuka katika Kiswahili kuwa mabepari wengi, na msomaji akajua mara moja wafasiri wa nchi hii wamesimama wapi. Hiyo ndiyo namna ya kumchukua mtunzi wa kigeni: unamleta katika lugha yako na kumhoji, badala ya kutundika jina lake juu ya mlango wa jirani.

Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Peking vilisomwa hapa kwetu. Vijana wetu kwa maelfu wamesoma vyuo vya China, na wapo Wachina wanaozungumza Kiswahili kinachotuaibisha. Kwa ujamaa wa miaka yote hiyo, hakuna sababu kwamba habari za Tang Xianzu zitufikie kwa kupitia Stratford. *Kibanda cha Peoni* yafaa ifasiriwe kwa Kiswahili kutoka Kichina chenyewe, na watu wawili wakae meza moja, mmoja wa kila lugha, bila Kiingereza katikati. Nami pia nimo kati ya wanaopaswa kuona haya, kwani nilimsoma mara ya kwanza kwa Kiingereza, nikirudi kutoka Suichang.

Maonyesho 55 ni mengi kwa kuanzia. Pia zipo ndoto zake nyingine fupi zaidi: mmoja anaota anatawala wilaya, akiamka anagundua ilikuwa ufalme wa sisimizi; mwingine anaota maisha mazima ya ukubwa, rushwa, kufukuzwa na kurudishwa, akiamka chungu cha mtama alichokiacha motoni bado hakijaiva. Hiyo ya chungu ingechezwa kesho katika ukumbi wowote wa kwetu na hakuna atakayeuliza mtunzi ni wa nchi gani. Lakini mimi ningeanzia onyesho la 7 la *Kibanda cha Peoni*: mwalimu mzee anafafanua shairi la kale juu ya ndege wa mtoni, mtumishi anamwuliza ndege hao hulia namna gani, na mwalimu, kwa heshima zote za elimu yake, analazimika kulia kama ndege.